Nabadilisha injini: niweke 1KZ au 5L kwenye Hilux yangu?

Wadau, Hilux yangu ina injini ya 2L, ile dizeli ya cc 2446 isiyo na tabo ya kusukumia injini hewa zaidi. Kwenye tambarare hainipi shida. Ila pakia madumu ya mawese Kasulu, anza kurudi Kigoma mjini ukutane na vilima: gia ya pili, moshi mweusi nyuma, bodaboda wanakupita huku wanakupungia mkono.

Vijana wote pale gereji wanasema weka 1KZ-TE. Cc 2982, tabo ipo. Nguvu sikatai. Lakini fundi wangu, mzee mmoja wa Mwanga, alifungua boneti akagonga rejeta kwa spana: "Mwanangu, hii ndiyo itapoza 1KZ?" Ile injini ikichemka, silinda hedi haichelewi kupasuka. Halafu pampu yake ya dizeli inaongozwa na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, kwa hiyo unahamisha na waya zake zote. Hitilafu ya umeme ikikukuta Kibondo usiku, unampigia nani?

Mzee anataka 5L. Cc 2986, haina tabo wala kontroboksi, na ni ukoo mmoja na 2L, kwa hiyo giaboksi yangu inabaki. Haitakimbia kama 1KZ, sawa, ila mimi nabeba mawese, sishindani na mabasi ya Mwanza.

Nimeelemea 5L. Natafuta yenye kompresheni nzuri na karatasi zake halali, maana namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari na TRA lazima nipite. Mwenye kujua muuzaji mwaminifu, hata Tabora, anicheki inboksi.