Haki za mfanyakazi kwenye meza ya manunuzi

Nimesoma taarifa nyingi za kampuni za viwanda kuhusu haki za binadamu katika minyororo yao ya ugavi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikianzia pale kampuni inapotamka kwamba haivumilii ajira ya watoto wala kazi ya kulazimishwa. Siku hizi naanza kwa kutafuta mahali inapoeleza namna inavyonunua: inapangaje bei, inatoa oda muda gani kabla ya kuzihitaji, na inalipa baada ya siku ngapi. Mara nyingi sehemu hiyo haimo.

Naiona kuwa kasoro kubwa, kwa sababu kampuni inayomsainisha mgavi, yaani anayeiuzia bidhaa, kanuni za maadili asubuhi, kisha jioni ikambana apunguze bei na kuleta mzigo wiki mbili mapema, imekwisha kuamua kwamba mtu fulani atafanya kazi usiku kucha, hata kama haitamjua kamwe.

Ukaguzi peke yake hauzibi pengo hilo. Mwezi Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mjini Karachi, kiliteketea na zaidi ya watu 250 wakafa, ilhali wiki chache tu kabla ya hapo kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha viwango vya kazi. Miezi michache baadaye, huko Savar karibu na Dhaka, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watumishi wake, lakini mafundi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa kurudi kwenye cherehani zao, na asubuhi ya 24 Aprili 2013 jengo liliporomoka na kuua watu 1,134. Kila ninapousoma mkasa huu nasita hapo kwenye ile amri ya kurudi kazini. Hatari ilikuwa imeshajulikana. Walichokosa wafanyakazi wale ni uwezo wa kukataa kuingia bila kupoteza mshahara.

Ndiyo maana nauheshimu mkataba wa usalama wa majengo ya viwanda vya Bangladesh uliotiwa saini mwezi Mei mwaka huo kati ya kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi. Uliwafunga wanunuzi kisheria, ukataka ripoti za ukaguzi zitangazwe hadharani, ukatambua haki ya mfanyakazi kukataa kazi ya hatari, na, jambo ambalo husahaulika, ukawataka wanunuzi wahakikishe kwamba wagavi wanamudu gharama za ukarabati.

Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, za mwaka 2011, zinaitaka kila kampuni itambue madhara inayoyasababisha au kuyachangia, iyazuie, na iwafidie walioumia. Ujerumani iliyaingiza mengi ya hayo katika sheria iliyoanza kutumika Januari 2023, ingawa sheria hiyo inamwangalia zaidi mgavi wa moja kwa moja. Kwa mtengenezaji wa vifaa vya umeme hapo pana shida, maana madini kama bati au tantalamu yaliyomo ndani ya bidhaa yake yamepita mikono mingi kabla ya kumfikia. Penye nafuu ni kwenye viwanda vya kuyeyushia madini: migodi na wachimbaji ni wengi mno, lakini viyeyushio ni vichache, hivyo kampuni inaweza kuvitaja kimoja kimoja na kuvidai maelezo ya asili ya madini.

Liko pia deni la ajira. Mfanyakazi mhamiaji hukopa ili amlipe wakala aliyemtafutia kazi, kisha hufika kiwandani akiwa hawezi kuondoka kabla ya kulimaliza deni hilo, hata kama pasipoti yake iko mfukoni na mlango uko wazi. Mkaguzi atakayepekua karatasi za mishahara hataliona deni hilo; ataambiwa habari zake na mfanyakazi mwenyewe, akihojiwa kwa lugha yake mbali na msimamizi. Na likishagundulika, kumfukuza mgavi upesi ili jina la kampuni libaki safi ni kumwongezea mkopaji msiba, kwa kuwa atapoteza kazi na deni litabaki. Kwa hiyo, katika taarifa ya mwaka ya kampuni, natafuta ni wafanyakazi wangapi waliorudishiwa fedha walizomlipa wakala, na ni nani aliyezirudisha.