Nyama si ugali

Noela ana kazi ya shule: apeleke picha moja ya familia na aieleze mbele ya darasa. Kati ya picha zote zilizomo kwenye simu yangu, za harusi, za kipaimara, za ufukweni Tanga, akachagua ile ya Babu yake amesimama kwenye theluji inayomfika magotini, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, chepe mkononi. Nyuma yake niko mimi nimeinamia jiko, uso umepotelea kwenye moshi.

"Mama, kwa nini Babu ndiye anazoa theluji na wewe ndiye unachoma nyama?"

Nikamwambia aandike tu kwamba Babu alikuwa anasaidia. Hakuridhika. Mimi mwenyewe jibu halikunikaa vizuri mdomoni.

Ni Krismasi ya 2017, ile ya baridi ambayo mliokuwa Minnesota, Marekani, mnaikumbuka. Mchagga na Desemba mnawajua: mabasi ya Moshi yanajaa, nauli inapanda, na asiyerudi nyumbani anatafutiwa sababu. Sisi kurudi tulishindwa, basi mwaka ule Kibosho, kwetu Kilimanjaro, ndiyo ikatufuata. Mzee, baba yangu, alitua akiwa na begi dogo na sweta lake la kanisani, na siku ya pili tu akauliza mbuzi yuko wapi.

Mbuzi haikuwa shida. Pale Lake Street, Minneapolis, bucha za Wasomali zimejaa mbuzi, na huyu tuliyemwendea alikulia Eastleigh, Nairobi. Mzee aliposikia "Karibu Mzee, wa leo ni laini," hakuondoka tena pale kaunta. Waliongea bei za mbuzi, mvua, ubovu wa barabara ambazo hata mmoja wao hajazipita miaka mingi, mpaka watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kukohoa. Tulitoka na mapaja, mikono, mbavu na kichwa. Kwenye gari Mzee akasema Marekani si mbali kama watu wanavyodai.

Boxing Day asubuhi kipimajoto cha dirishani kilisoma -20 za Selsiasi, na upepo juu yake. Kwetu Kibosho, siku isiyo na mawingu, ukifungua mlango unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na weupe wake. Mzee ameutazama weupe huo maisha yake yote bila kuugusa hata siku moja. Alitoka uani, akachota theluji kiganjani, akaibana, akainusa, akaitupa.

"Kumbe ni hii tu."

Baba Noela, mtu wa Tanga, akashauri tuchomee ndani ya gereji, mlango tuuache wazi kidogo. Hapo mimi na Mzee tulimkatalia kwa sauti moja. Mkaa ndani ya nyumba unaua, na hewa yake inayoua haina harufu ya kukuonya; nani hajasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke? Baba Noela akainua mikono, akarudi sebuleni, na siku nzima akatuangalia kupitia kioo akiwa na kikombe cha chai.

Shida ilikuwa nani anachoma. Kwetu moto wa mbuzi ni wa wanaume. Wanaenda nao kule nyuma ya migomba, wanakaa huko na visu vyao na mbege yao, pombe ya ndizi, na sisi tunamenya ndizi na kusubiri tuitwe. Lakini uani kwangu jiko ni langu. Alinifundisha jirani, mzee mmoja mwenye asili ya Norwe ambaye anakausha samaki na kulungu kwa moshi mwaka mzima, iwe jua, iwe barafu: mkaa upande mmoja, nyama upande wa pili, kipande cha mti wa mtofaa juu ya mkaa, funika, kisha nenda zako. Mzee nilikuwa sijamwambia. Nilivaa koti na glovu za ngozi, nikatoka, nikaanza kumimina mkaa.

Alinifuata. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akaangalia mpaka nilipofunika.

"Unafanya nini, mama?"

"Nafunika, Baba. Joto lisitoke."

"Nyama si ugali. Nyama inachomwa mtu akiiona."

Akafunua.

Kwenye baridi kama ile, ukifunua mfuniko umeshalipa. Jiko linalokaa vizuri kwenye nyuzi 140 linashuka mbele ya macho yako, na kulirudisha ni mkaa mwingine na kusubiri kwingine. Mzee alifunua, akageuza, akafunika nusu, akafunua tena. Alikuwa na bakuli lake la maji ya chumvi ya kunyunyizia, kama nyumbani. Maji ya chumvi huchelewa kuganda, lakini kwa chumvi ile ya kuonja tu hayachelewi sana. Mara ya tatu alipochovya, vidole vilikuta uji wa barafu. Ndimu zikawa mawe. Theluji chini ya jiko ikayeyuka, mguu mmoja ukazama, jiko likainama kama mlevi aliyeegemea ukuta, tukakimbilia kutafuta ubao wa kulikingia. Mkaa ambao kiangazi ungetosha mbuzi mzima uliisha paja likiwa bado linatoa damu.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nyie mliolelewa na baba wa aina hii mnajua maneno hayo yanaishia wapi. Nikamwaga mfuko mwingine wa mkaa, nikanyamaza.

Yeye naye aliacha kuiangalia nyama. Akawa anaangalia moshi. Moshi ulikuwa hausimami. Ukitoka tu kwenye tundu la mfuniko unalala, unakimbilia kwa jirani. Aliuangalia muda mrefu, barafu imemshika kwenye masharubu. Halafu akalowesha kidole mdomoni, akakiinua, akakirudisha haraka mfukoni.

"Hii baridi haina neno," akasema. "Upepo ndio unakula moto wako."

Wako. Nililisikia hilo, ingawa sikugeuka.

Akalichukua chepe lililokuwa mlangoni na kuanza kuzoa. Alizoa upande wa kaskazini-magharibi, unakotokea upepo wetu wa msimu huo, akashindilia kwa mgongo wa chepe, akapandisha tabaka juu ya tabaka. Nilimwambia apumzike, akajifanya hasikii. Baba Noela aligonga kioo kwa hofu, akanionyesha kifua chake kwa ishara, yaani moyo wa Mzee. Hapo ndipo alipopiga ile picha. Ukuta ukafika kiunoni, ukapinda kidogo kulizunguka jiko, mtu anayejua kujenga boma angeutambua mkono. Mzee akachomeka chepe kwenye theluji, akasimama kando yangu.

Moshi ukainuka, ukapanda wima.

Tukabaki tunaangalia mshale wa kipimajoto cha mfuniko. Ulipita 100. Ukapita 120. Hakuna aliyegusa mfuniko. Nilisubiri aufunue, najua alitaka, mkono ulitoka mfukoni mara moja ukarudi. Harufu ya mafuta na ule mti wa mtofaa ikaanza kuja. Ilipofika 140 akasema, bila kuniangalia, "Iache."

Giza la saa kumi na moja lilitukuta pale. Kule kwenu giza la saa hiyo mnalisikia tu kwenye hadithi.

Nyama ilipoiva alichukua kisu mwenyewe, hilo sikutegemea vingine. Akakata kipande cha ubavu, kidogo, chenye mafuta pembeni, akakinyunyizia chumvi kavu. Nyumbani kipande cha kwanza ni cha aliyekaa na moto. Nimekiona kikipita kutoka mkono hadi mkono wa wanaume tangu utoto wangu, nikiwa mbali na sufuria ya ndizi. Akakichoma kwa ncha ya kisu, akakielekeza kwangu.

Mafuta ya mbuzi hayangoji. Kabla hakijanifikia yalikuwa yamegeuka meupe kwenye kisu, na nilipokitia mdomoni yakanigandia midomoni kama nta. Katikati palikuwa pa moto bado, pana moshi, pamelainika.

"Imeiva?"

"Imeiva, Baba."

"Haya, twende ndani. Tutakufa hapa."

Labda kweli kilikuwa kile cha aliyekaa na moto, nami nimekibeba tangu siku ile. Labda meno yake yalihitaji mtu wa kujaribu kwanza. Mbele ya wengine mezani hakusema chochote, na kaka yangu alipopiga simu kutoka Kibosho kuuliza mbuzi amechomwa na nani, Mzee alimjibu habari za ukuta wa theluji, urefu wake, unene wake, na jinsi Mzungu jirani alivyokuja kuukagua.

Mwaka jana Julai, kwenye ule ukungu na manyunyu ya kwetu, kaka alinitumia picha nyingine. Wazee wamekaa nyuma ya migomba, wamejikunyata, na juu ya moto kuna karai kubwa limefunikwa juu ya nyama. Wenzake Mzee walilalamika kwamba hawaioni nyama yao. Aliwaambia ndivyo Marekani wanavyochoma, watulie. Kafundishwa na nani hakuwaambia, na kaka anasema hakuna aliyeuliza.