Nilivyozikusanya pepa zangu zilizotawanyika kwa majina matatu

Mwaka juzi nilikuwa naomba kupanda kutoka mhadhiri kuwa mhadhiri mwandamizi. Utafiti wangu ni wa ubongo, hasa kifafa kwa watoto, na fomu ilitaka orodha ya machapisho, idadi ya saitesheni (mara ambazo pepa zako zimenukuliwa na wengine) na h-indeksi, kipimo kinachotokana na saitesheni hizo. Nikatafuta jina langu mtandaoni nikakuta pepa 6. Ninazo 14. Nilihisi kama miaka 11 ya kazi imefutwa, usiku ule sikulala.

Shida ilikuwa jina. Wengi wetu huku Tanzania una jina lako, la baba na la babu, basi. Pepa za mwanzo niliweka langu na la baba, afu nilivyoenda kusoma nje pasipoti ina yote matatu kwa hiyo za wakati wa PhD zikaishia na la babu, na kuna nyingine mwenzetu aliyezituma kwenye jarida aligeuza mpangilio jina langu mimi ndo likawa la ukoo. Kwenye kompyuta hao ni watu watatu, mmoja ana h 4, mwingine 3, mwingine 2.

Kwa asiyeijua, h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California. Ukiwa na h ya 6 una pepa 6 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 6. Kwa hiyo huwezi kuchukua 4 ukajumlisha 3 na 2, lazima pepa zote zikae sehemu moja ndo zihesabiwe upya.

Nilianza na ORCID, sajili ya watafiti mtandaoni, ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16 inakaa na wewe hata ukibadili jina, nikaandika majina yangu yote na kuingiza pepa moja moja. Scopus, database ya machapisho na saitesheni, niliwaomba waunganishe zile profaili tatu, ikachukua wiki kadhaa. Google Scholar, ile ya Google ya kutafutia pepa, ilikuwa haraka ila ndo yenye mtego, ilinipa pepa 31, humo mna za chanjo ya kuku na za udongo wa mashamba ya mahindi, maana jina la baba ni la watu wengi mno. Nikazitoa zote 17. Kuna mtu aliniambia ziache tu nani atajua, nikakataa, kuna mwenzangu amezitolea jasho. Zilipobaki 14 zangu h ikasimama kwenye 6.

Sasa hapo ndo nikaanza kuwaza, hiyo 6 inasema nini kuhusu kazi yangu? Pepa yenye saitesheni nyingi kuliko zote tuko waandishi 38, mimi nilisoma EEG (vipimo vya umeme wa ubongo) za watoto 212, nikaandika hivyo hivyo kwenye fomu. Ila ninayoipenda kutoka moyoni imenukuliwa mara 5 tu. Inahusu watoto wanaoangukia motoni wakipata kifafa na watu wanaogopa kuwashika wakiamini povu la mdomoni linaambukiza. Haliambukizi kabisa, na mtoto anaungua huku watu wazima wamesimama pale. Kutokana na ile pepa tulitengeneza bango kwa Kiswahili, likabandikwa kwenye zahanati, na mganga mkuu wa wilaya moja alikubali kuniandikia barua kwamba wanalitumia. Niliiambatanisha. Hakuna database inayohesabu kitu kama hicho.

Nilimkumbuka pia John O'Keefe, mtafiti wa ubongo kule London. Mwaka 1971 yeye na Jonathan Dostrovsky walitoa pepa fupi ya hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kati ya seli 76 walizorekodi ni 8 tu zilizoonyesha kujali panya yuko sehemu gani. Nobel yake ikaja 2014. Miaka 43! Kamati gani ya kupandisha vyeo ingemsubiri?

Kamati yangu ilinihoji kama dakika 20, karibu nusu ya muda ikawa kuhusu ile barua. Cheo kilitoka mwezi wa 11. Pepa moja bado inasomeka kwa jina la babu peke yake, jarida lenyewe lilishafungwa hakuna wa kumwomba marekebisho, nimeiweka kwenye ORCID kwa mkono.