Miezi yangu ya kusubiri fomu faivu, sabuni ya mawese na hesabu za moli

Kemistri ya fomu foo nilipata C na hiyo C najua ilivyopatikana, nilikariri. Fomu three tulikaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa kemistri na ndo muhula wenyewe wa moli (ile namna ya kuhesabu chembe za kitu kwa kutumia uzito wake), kwaiyo ile mada niliibeba kwa fomula tu, n = m/Mr, n = CV, basi, ukinigeuzia swali kidogo nimeishia hapo. Na bado kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya fomu faivu, nilijaza PCB (fizikia, kemistri na baiolojia) sababu mambo ya afya nayataka toka nikiwa mdogo. Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, shule unaripoti mwezi wa 7, yaani nusu mwaka nzima uko nyumbani Kigoma hakuna mtu anayekusubiria na daftari. Naandika hii kwa ajili ya mdogo wangu yeyote aliyeko kwenye hiyo miezi sa hivi, hasa kama C yako ni kama yangu.

Mwanzoni nilikosea. Nilidaunlodi notsi za fomu faivu kwenye simu nikaanza na ukurasa wa kwanza, atomu, nikakutana na spektra ya haidrojeni na konstanti ya Rydberg 1.097 × 10⁷, nikakopi kwenye daftari kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu, daftari likawa zuri kweli ila nikifunga sikumbuki kitu. Wiki tatu nzima hivo hivo. Kuna dada pale jirani na kwetu Gungu alikuwa kamaliza PCB, siku hiyo nikampelekea lile daftari aniangalizie. Akalipitia, akalifunga, akachukua karatasi akaniandikia swali moja tu: una gramu 5.3 za Na₂CO₃ kavu, umeyeyusha kwenye maji hadi ikafika sentimita za ujazo 500, ni molari ngapi, yaani moli ngapi kwenye kila lita. Nikakaa. Nikajua nagawanya kitu ila nagawanya nini kwa nini sijui. Akaniambia, "Mdogo wangu, acha atomu kwanza. Rudi fomu three ukakae na moli mpaka uione. Kule mbele kila kitu kinarudi hapo, gesi moli, nishati moli, ikwilibriamu moli, praktiko ndo usiseme." (Jibu ni 0.1, maana gramu 106 ndo moli moja, 5.3 ni moli 0.05, na nusu lita ukiifanya lita nzima unazidisha mara mbili. Sa hivi naliona bila karatasi, siku ile nilitoka pale machozi yananilenga.)

Alisema mpaka uione na mimi nilichukua hilo neno kama lilivyo. Mama mkubwa wangu anao mzani mdogo wa dijitali, ule wa kupimia unga wa keki, unasoma gramu moja moja. Nikachukua chumvi ya Uvinza nikapima mpaka kati ya 58 na 59, maana NaCl ni 58.5, nikaimwaga kwenye sahani. Pembeni maji gramu 18, kijiko kikubwa kimoja na tone kidogo, unaweza kuyameza mara moja. Pembeni tena sukari, na sukari ilinishangaza, moli yake ni gramu 342, ile sukari ya robo kilo tunayonunua dukani haifiki hata moli moja, ikabidi niongezee. Nikavipanga vitatu mezani. Kilima cha chumvi cha kujaa kiganja, funda la maji, na bakuli zima la sukari, na idadi ya chembe ni ile ile, 6.02 × 10²³ kila kimoja. Nilikaa navyo pale nadhani nusu saa. Kuna kitu kilikaa kichwani siku ile ambacho miaka miwili ya kukariri haikukiweka, kwamba gramu ni uzito na moli ni kuhesabu, na kemikali zinakutana kwa kuhesabiwa, sio kwa kupimwa uzito.

Sasa mama mkubwa anapika sabuni ya mawese. Kigoma hii si kitu kigeni, mawese yapo kila kona, unaenda Mwandiga unarudi na dumu, na wamama wengi wanaishi kwa hiyo sabuni. Mimi miezi ile nilikuwa namsaidia kukoroga na kukata vipande. Tatizo lake lilikuwa sabuni haitoki sawa, mara laini inateleza mafuta, mara inachubua mikono, na mwezi wa tatu kuna mteja alirudisha vipande vyote akaonyesha vidole vimebabuka. Mama mkubwa aliumia sana siku hiyo. Akaniita, "Mwanangu, si ndo wewe wa sayansi, hebu nambie hii sabuni ina nini." Akanionyesha anavyopima, mawese lita 10, kostiki anakadiria kwa kikombe chake kile cha bati, na kikombe akijaza kwa kilima kinatoa kilo moja na nusu.

Nikamwambia mama mkubwa nipe siku mbili.

Nilichofanya ni hiki na nakieleza chote sababu ndo hesabu iliyonifungua. Kostiki ni NaOH, moli yake gramu 40. Mafuta yoyote ya kupikia ni molekuli kubwa yenye mikia mitatu ya asidi imeshikwa na gliseroli, kwaiyo kila molekuli ya mafuta inakula NaOH tatu, gramu 120 kwa moli moja ya mafuta. Ila moli ya mawese ni gramu ngapi? Hapo nilikwama usiku mzima maana mawese si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Yule dada akanipa njia, akasema kwenye mawese asidi mbili ndo kubwa, palmitiki (jina lenyewe limetoka kwenye mchikichi) na oleiki, sasa piga hesabu kama vile yote ni palmitiki, halafu piga tena kama vile yote ni oleiki, jibu la kweli litakuwa katikati. Kama mikia yote ni palmitiki fomula ni C₅₁H₉₈O₆, ukijumlisha unapata 806. Kama yote ni oleiki C₅₇H₁₀₄O₆, unapata 884. Gawanya 120 kwa 806, kilo moja ya mafuta inataka gramu 149 za kostiki. Gawanya kwa 884, gramu 136. Katikati hapo, kama 142 hivi. Mawese lita 10 hayafiki kilo 10, ni mepesi kuliko maji, tulipima yakaja kama kilo 9. Kwaiyo kostiki inatakiwa iwe kati ya kilo 1.22 na 1.34. Mama mkubwa alikuwa anaweka 1.5!

Ile iliyobaki haina mafuta ya kushikana nayo, inabaki kostiki tupu ndani ya sabuni na hiyo ndo inayobabua mikono. Na siku anayopunguza kikombe sana ndo inabaki mafuta, sabuni inateleza. Tukakubaliana kilo 1.2, chini kidogo ya hesabu, bora kibaki kimafuta kidogo kuliko kostiki. Tukapima kwa mzani safari hii, kikombe tukakiweka kabatini. Sabuni ile ilikaa wiki nne ikikauka kwenye mbao uani, kila siku mama mkubwa anapita anaibonyeza. Alivyofulia ya kwanza alinyamaza kwanza, akanusa mikono, halafu akaniita jina langu lote la ubatizo.

Kuna jambo jingine lilitokea kwenye kazi hiyo hiyo. Kostiki anaiyeyusha kwenye ndoo ya plastiki, siku zote, na unaimimina kostiki kwenye maji taratibu, usije ukamimina maji juu ya kostiki, inachemka inakurukia usoni, na uvae glavu na ukae upande upepo unakotoka. Nikamuuliza kwanini sio sufuria maana plastiki inalainika kwa lile joto. Akasema sufuria inatoboka, alifundishwa hivyo na mama yake, basi. Alumini! Nilienda kusoma nikakuta ni mada nzima ya inoganiki huko mbele, alumini inakula asidi na inakula besi pia (besi ni kinyume cha asidi, kama kostiki), tabia hiyo ndo inaitwa amfoteriki, kwenye kostiki inatoa gesi ya haidrojeni na alumini yenyewe inayeyuka inaingia kwenye maji. Wengine watakutana na neno amfoteriki ubaoni wataliandika tu, mimi nikilisikia naona sufuria ya bibi.

Mwezi wa nne na wa tano nilihamia taitresheni, ile ya kudondoshea kemikali moja kwenye nyingine mpaka zimalizane, maana shuleni kwetu bureti, mirija ya vipimo ya kudondoshea, zilikuwa chache, unashika kidogo unampisha mwenzio, na advansi kuna pepa nzima ya praktiko. Bureti yangu ilikuwa sirinji ya mililita 10 ya duka la dawa, mpya, bila sindano. Indiketa, kitu cha kubadilika rangi kukuonyesha mwisho, nilichemsha rosela, yale maua ya juisi, kwenye asidi ni nyekundu na kwenye besi inageuka kijani. Asidi ni siki ya dukani imeandikwa asilimia 5, yaani gramu kama 50 za asidi kwenye lita, gawanya kwa 60 unapata 0.83 molari, ni kali mno kwa sirinji yangu nikaipunguza mara kumi kwa maji. Kostiki nikapima gramu 20 kwenye nusu lita, hiyo ni molari 1, nayo nikaipunguza mara kumi ikawa 0.1. Kwa nini sikupima gramu 2 moja kwa moja? Sababu mzani unasoma gramu nzima nzima, ukikosea gramu moja kwenye mbili umepoteza nusu, ukikosea moja kwenye ishirini ni afadhali. Hili hakuna aliyeniambia, nililiona mwenyewe na nililifurahia kuliko vitu vingi.

Hesabu inasema mililita 10 za siki yangu zitamalizwa na kostiki 8.3. Nikapata 7.6. Nikarudia, 9.4. Nikajua mkono ndo unatetemeka, nasukuma sirinji kwa pupa, na rangi karibu na mwisho unatakiwa udondoshe tone, utikise, usubiri, udondoshe tena. Siku ya tatu nikapata 8.9, 9.1, 9.0. Sasa zinakubaliana ila haziko 8.3! Nilirudia kila kitu nikidhani nimekosea kuzidisha. Mpaka nilipoiangalia kostiki yenyewe, nilikuwa nimeiacha kwenye kisosi wakati natafuta chupa na vipande vyote vimelowa juu vinang'aa maji. Inanyonya unyevu wa hewani. Kwaiyo ile gramu 20 niliyopima haikuwa kostiki yote, mengine yalikuwa maji, ndo maana inahitajika nyingi zaidi kumaliza siki. Nilipomwambia yule dada aliruka, akasema hilo ndo sababu kostiki huwa haiaminiwi kupimwa kwenye mzani ikawa kipimo cha wenzake, unatumia kabonati kavu kwanza kusahihisha asidi, halafu asidi hiyo ndo unaisahihishia kostiki. Ni swali kabisa la praktiko, na jibu nililipata kwenye kisosi.

Mengine nilipita haraka. Mpangilio wa elektroni nilifanya mpaka elementi namba 36, kromiamu na kopa ndo za kuangalia maana zinavunja mpangilio, kromiamu inaishia 3d⁵ 4s¹ na kopa 3d¹⁰ 4s¹. Majina ya oganiki nilikuwa nafanya matano kila usiku kabla ya kulala. Haibridaizesheni sikuielewa na niliamua kuiacha mpaka nimpate mwalimu, na naona niliamua vizuri, kuna vitu ukivilazimisha peke yako unavikariri vibaya halafu kuvitoa ni kazi. Tuisheni ya pre fomu faivu pia nilienda wiki mbili nikaacha, walikuwa wanakimbia mada tano kwa wiki na hela ni ya mama mkubwa. Mwenye uwezo aende ila akihakikisha moli ameiweka sawa kwanza.

Mwezi wa 7 nikapanda treni kwenda Tabora na tranka langu na miche sita ya sabuni ya mama mkubwa. Uvinza tulipita usiku, nilitoa kichwa dirishani sikuona kitu ila nilifikiria ile sahani ya chumvi. Darasani wiki ya pili mwalimu akatoa jaribio la kutupima, maswali yote ya fomu three na four, moli tupu. Nilipata 78. Kuna wenzangu wamekuja na A zao wakapata chini ya hapo, na si kwamba mimi nina akili kuliko wao, wao walikaa miezi sita wakijua wanaijua. Haibridaizesheni ilivyofika ilinipiga mwezi mzima, siwezi kudanganya, na fizikia ni hadithi nyingine. Ila kwenye praktiko ya kwanza mkono haukutetemeka, nilidondosha tone, nikatikisa, nikasubiri.

Likizo ya mwezi wa 12 nimerudi nakuta mama mkubwa kanisubiri na dumu jingine, mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Kaambiwa yanatoa povu sana anataka kujaribu, kaweka kostiki ile ile kilo 1.2 kwa lita 10 na sabuni imegoma kushika, iko kama uji. "Namba yako imekataa mwanangu." Nikachukua kalamu. Mise haina mikia mirefu kama mawese, asidi yake kubwa ni lauriki, kaboni 12 tu, ukipiga kama yote ni lauriki molekuli nzima ni 638. Molekuli ndogo maana yake kilo moja ina molekuli nyingi zaidi, na kila moja bado inataka kostiki zake tatu. Gramu 188 kwa kilo kama ni lauriki tupu, kwa kuwa ni mchanganyiko inashuka, karibu 176. Kwa kilo 9 ni kama 1.58. Mama mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama anaweza kuiokoa ile iliyomwagika kwenye fremu au ni ya kutupa. Nikamwambia tuipime kwanza, akaenda kuleta mzani.