Jinsi nilivyotambua mayai yaliyofukiwa kwenye tuta la mchicha

Nilikuwa natifua tuta la mchicha uani, hapa Tanga, jembe likafukua fungu la mayai meupe yenye umanjano kwa mbali. Jirani akasema ni ya nyoka. Watoto wakapigwa marufuku kutoka nje.

Nikayamulika kwa tochi ya simu, sikuona cha maana. Picha nilizowatumia jamaa zilizidisha ubishi tu: huyu kenge, yule mjusi. Picha ya karibu hukuza kila kitu, ndiyo shida yake.

Kilichosaidia ni rula. Kila yai lilikuwa na milimita 5 hivi, basi! Yai la nyoka kwa kawaida ni kubwa mara kadhaa, refu, na ganda lake hubonyea ukiligusa. Haya yalikuwa magumu. Nikadondoshea siki, yakatoa povu: ganda la chokaa. Mjusi wa ukutani naye hutaga yai gumu, ila kwa kawaida hutaga mawili tu, si fungu zima.

Nikatia machache kwenye chupa yenye udongo mbichi, kifuniko nikakitoboa. Wakatoka konokono wadogo, kila mmoja na kombe lake mgongoni, jembamba hata mwanga unapita. Ni yule konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, anayemaliza mboga usiku.

Yaliyobaki niliyamwagia maji yanayochemka. Ukiyashika vaa glavu na unawe kwa sabuni, maana konokono hawa huweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu.