Kulala ukingoni mwa Ziwa Chala

Tukifika kwenye mada ya maziwa ya volkano, kidato cha tatu huniuliza swali ninalolipenda kuliko yote ya mwaka: mwalimu, kama hakuna mto unaoingia Chala, maji yanatoka wapi? Huwa nachora kreta ubaoni, nachora mlima, nachora mishale ya chini kwa chini, na naona kabisa kwamba wananiamini nusu. Baadhi yao wamezaliwa Rombo. Kutoka kwao hadi ukingo wa ziwa ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na hawajawahi kuliona.

Likizo ya Juni nilikwenda kulala huko na mwanangu wa darasa la sita pamoja na baba mdogo, ambaye alikulia Rombo ya chini na alikuwa hajakanyaga Chala tangu ujana wake. Naandika haya kwa sababu nataka watu wengi zaidi wa Kilimanjaro walale pale. Kulala, nasema. Anayepita kupiga picha na kuwahi Noah ya kurudi Moshi kabla ya jioni ameliona ziwa hilo nusu.

Nianze na suala la geti, maana ndilo linalozua maneno. Ziwa liko mpakani mwa Tanzania na Kenya. Upande wetu, mahali pa kupiga kambi ni eneo la mtu binafsi: nyumba chache za wageni, uwanja wa mahema, choo, bafu, askari, na ada unayolipa hata kama umekuja kutazama tu. Nimewasikia watu wakilalamika, kwa nini nilipe kuangalia maji aliyoyaumba Mungu? Nawaelewa. Lakini kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye kambi ana haki ya kuitumia tu. Maji nayo ni ya taifa. Kwa hiyo sioni kwamba nimeuziwa ziwa. Ninalipia choo safi, njia iliyotengenezwa ya kushukia, mtu anayekesha na tochi, na mteremko ambao bado una miti. Hilo la miti ndilo kubwa kwangu. Kuta za kreta ni mwinuko mkali. Zikikatwa kwa ajili ya mkaa, mvua mbili kubwa zinatosha kupeleka udongo wote majini.

Safari yenyewe haina mengi. Lami mpaka Himo, lami tena kuelekea Holili, kisha vumbi. Bodaboda watawachukua, ila mkiwa na hema, magodoro na sufuria ni afadhali mkodi gari pamoja na wenzenu. Sisi tulipanda pikapu ya jirani aliyekuwa anakwenda kuchukua mbuzi.

Mgeni hushangaa kwamba halioni ziwa mpaka amelifikia. Nchi ni tambarare, vichaka vya miiba, mahindi yaliyokauka, vumbi jekundu, na hutahisi kabisa kwamba uko kwenye mguu wa Mlima Kilimanjaro, maana pale ni chini, kama mita 880 tu kutoka usawa wa bahari, na jua linachoma. Halafu ardhi inakatika. Chini yako, karibu mita 100 za ukuta wa mawe na miti, kuna maji. Mwanangu, ambaye njia nzima alikuwa anauliza tunafika lini, alinyamaza akanishika mkono.

Tulipofika mchana maji yalikuwa ya buluu nzito katikati na ya kijani pembeni mwa kuta. Baadaye upepo wa kusini-mashariki ulipozidi, mistari mirefu ikatokea juu yake, na ile buluu ikageuka kuwa ya kijivu upande mmoja huku upande wa Kenya ukiwaka kama shaba. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye jiwe na fimbo yake. Alisema, "Mama, hili ziwa sisi tulikatazwa kulikaribia." Wazee wao walisema kuna kijiji kilizama humo na watu wake na ng'ombe wake, na kwamba usiku ukitulia utasikia ng'ombe wakilia na wanawake wakitwanga. Askari wa kambi, mzee wa umri wake, alipopita kutusalimia alimjibu kwa Kirombo kwamba yeye amekesha pale miaka mingi na anachosikia ni nyani. Wakacheka, wakaanza kuulizana ukoo, na kabla jua halijazama walikuwa wameshagundua kwamba mke wa mmoja ni binti wa shangazi wa rafiki wa mwingine. Kuanzia hapo nilikuwa na walinzi wawili.

Tulipika ndizi na maharage kwenye jiko la mkaa tulilokuja nalo. Moto wa kuni unaruhusiwa sehemu moja tu yenye mawe kuzunguka, na ni amri nzuri, kwa sababu Juni majani yamekauka na upepo hauchezi. Baba mdogo alikuwa na kidumu cha mbege, pombe ya ndizi, kutoka nyumbani kwake. Wakati tunakula simu yangu ililia, ujumbe wa mtandao: karibu Kenya. Mpaka unapita katikati ya maji, mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka 1886: Taveta kule, Uchagani huku. Baba mdogo ana ndugu Taveta, anakwenda siku za soko na kurudi, na yeye mstari huo anaujua kwa jambo moja tu, pesa ya kubadilisha. Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalipita maeneo haya yakiwasukuma Wajerumani kuelekea Moshi, na vilima vya Latema na Reata, ambako watu wengi waliuawa, viko upande wa pili, karibu na Taveta. Nilimwambia mwanangu habari hizo tukiwa tumekaa gizani na alitaka kujua kama kuna risasi zilizobaki. Kesho yake alitembea ameinamisha kichwa asubuhi nzima.

Kundi la vijana lilifika usiku likiwa na spika kubwa. Bongo Fleva naipenda, lakini kuta za kreta hurudisha sauti, na kila wimbo ulikuwa unapigwa mara mbili. Askari aliwafuata, akazungumza nao kwa upole, wakazima. Mmoja wao alikuja baadaye kwenye moto wetu kuomba radhi kwa baba mdogo, akaambulia kikombe cha mbege. Nimelala kwenye fukwe za wazi ambako hakuna wa kumwambia mtu apunguze sauti, na hakuna aliyelala. Ada ya geti ilirudi yote saa ile.

Usiku wenyewe ni wa upepo. Hema lilikuwa linavuta kamba zake mpaka alfajiri, komba walilia kwenye miti ya ukutani, na mara moja askari alipita akatuambia tusitoke, tembo wako nyuma ya uzio. Wanatoka upande wa Tsavo. Sikuwaona, ila asubuhi aliwapeleka wanangu (nasema wanangu kwa kuwa baba mdogo naye alikwenda mbio kama mtoto) kuona mavi yaliyokuwa bado yanatoa mvuke.

Alfajiri ndiyo sababu ya kulala. Jua linachomoza ng'ambo, Kenya, na kwa muda mfupi kabla mawingu hayajajikusanya mlima wote uko wazi nyuma yako: Kibo kushoto, Mawenzi kulia, na kutoka huku Mawenzi uko mbele, una meno, unaonekana mlima mwenyewe. Sisi wa Moshi mjini tumezoea Kibo tu. Na hapo, ukisimama ukingoni, mlima mgongoni na maji miguuni, ndipo ninapotaka kumleta kila mwanafunzi aliyewahi kuniuliza lile swali.

Tulishuka kwa njia ya mawe, tukishika mizizi. Chini kuna baridi kidogo na maji ni maangavu mno, unaona mawe yakishuka mpaka yanapotelea. Kina cha ziwa kinapita mita 90 wakati eneo lake lote ni kama kilomita 4 za mraba tu, kwa hiyo fikirini kisima kipana, si bwawa. Mto Lumi unapita jirani ukielekea Ziwa Jipe na hauingii humu. Maji mengi ya Chala ni mvua iliyonyesha juu, kwenye msitu wa mlima, ikazama ardhini, ikapita ndani ya miamba ya volkano na kutokea chini ya ziwa. Na yanatoka hivyohivyo, chini kwa chini. Mwanangu alitaka aonyeshwe bomba. Nilimwelekezea ule mkanda wa kijani kibichi chini ya mawingu, mbali kule juu, nikamwambia bomba ndilo lile. Msitu ule ukiisha, hata uzio wa kambi uwe imara namna gani, ziwa litajua.

Kuogelea hatukuogelea. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba upande wa Kenya. Wapo wanaosema mamba wameisha, wapo wanaosema hawajaisha, na mimi ni mama. Tulikaa kwenye mawe, miguu nje ya maji.

Chini ya maji hayo kuna kitu ambacho nakifundisha kwa furaha kubwa. Majira ya upepo, kuanzia Juni hivi, maji ya chini yenye virutubisho huchanganyika na ya juu, na viumbe vidogo vya mwani viitwavyo diatomu huongezeka kwa wingi. Vikifa, maganda yao huanguka na kutandika tabaka jeupe. Majira ya mvua hutandika tabaka jeusi. Jeupe, jeusi, jeupe, jeusi, kila mwaka, bila kuvurugwa, kwa kuwa sakafu ni tulivu na haina hewa. Mwaka 2016 wanasayansi waliweka mtambo unaoelea katikati ya ziwa na kutoboa zaidi ya mita 200 za tope hilo, wakapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000. Ukame wa Afrika Mashariki, mvua zake, vyote vimeandikwa hapo, kwenye ziwa ambalo mtoto wa Rombo hajawahi kupelekwa. Kuna hata perege wa humo peke yake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana popote pengine duniani, na sasa yuko hatarini kabisa kutoweka kwa sababu, pamoja na mengine, ya perege wa aina nyingine walioletwa na watu.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Tulipokuwa tunaondoka, barabarani tulipishana na wanawake na punda waliobeba madumu. Rombo ya chini ina shida ya maji ya miaka yote. Baba mdogo alimtaja mama yake, bibi yangu, aliyekuwa anaamka saa tisa usiku kwenda kuchota. Mpango wa kuyapandisha maji ya Chala kwenda vijijini umezungumzwa tangu nikiwa mwanafunzi, na si jambo jepesi, kwa kuwa ziwa ni la nchi mbili na kinachotoka lazima kilingane na kinachoingia. Sitaki mtu yeyote achote ziwa mpaka libaki shimo. Lakini pia siwezi kukaa kwenye kiti cha kambi, nikaoga maji ya kumwagika, nikaandika kwamba pale ni peponi, nikaacha wale akina mama nje ya maandishi. Mwenye kambi anayelinda mteremko anastahili ada yake. Mwanakijiji anayekaa juu ya maji hayo anastahili bomba. Serikali mbili zikikaa na takwimu za hao wanasayansi mezani, naamini hesabu inaweza kupatikana, na ningependa isipatikane baada ya wanafunzi wangu kuwa wazee.

Ninachoweza kufanya mimi ni kuwapeleka. Niliongea na meneja kuhusu wanafunzi, tukaelewana: barua ya shule, mwalimu mmoja kwa kila kundi dogo, hakuna kuingia majini, na mahema yanafungwa upande usio na upepo. Mwezi wa tisa nitakwenda na kidato cha tatu.

Kwa anayetaka kwenda kabla yetu: chukueni maji yenu ya kunywa, mkaa wenu, jaketi la usiku hata kama mchana mtatoka jasho, viatu vya kushika mawe, na vigingi vya chuma, maana udongo ni mkavu na vya plastiki vinavunjika. Msiwarushie nyani chakula. Zimeni data ya simu, maana mtandao wa Kenya huingia. Masika barabara ya vumbi huwa matope, subirini ikauke. Na mzazi au msomaji wa Moshi mwenye hema la akiba au pikapu isiyo na kazi mwishoni mwa wiki, aniandikie hapa chini. Tuna wanafunzi wengi kuliko mahema.