Siku moja maishani mwangu: kutwa kwenye reli isiyopinda

Saa kumi na nusu alfajiri. Naamka kwenye behewa la wafanyakazi, lililofungwa nyuma ya vichwa vya treni. Tuko madereva wanne wa treni ya mizigo, huku Australia: wawili wakiendesha, wawili wanalala. Chai ya haraka, koti, buti.

Saa kumi na mbili. Tumesimama kwenye njia ya kupishana. Baridi ya Julai inauma masikio. Tunabadilishana na wenzetu na napanda kichwa cha mbele, cha daraja la NR, aina ya vichwa vya dizeli. Vilijengwa 120, kati ya 1996 na 1998, huko Newcastle na Perth. Kimoja kina tani 132, silinda 16 na nguvu za farasi zipatazo 4,000. Nyuma yetu kuna mita 1,800 za mzigo, kontena juu ya kontena, kuelekea Perth. Kuiondoa treni hiyo kunataka subira. Natia nguvu kidogo, nangoja mabehewa yavutike moja baada ya jingine, ndipo naongeza. Mwenye pupa hukata treni.

Saa moja na robo, Ooldea. Hapa ndipo reli iliyojengwa kutoka mashariki na ile ya magharibi zilipokutana mwaka 1917. Kunapambazuka nyuma yetu. Vilima vya mchanga vinaisha, tunaingia Nullarbor, uwanda mkavu na tambarare: kilomita 478 bila kona hata moja.

Watu hudhani hapo dereva anapumzika. Hapo ndipo kazi ilipo! Macho hayana pa kushika. Miti hakuna, reli zinakutana kwenye upeo na hazisogei. Taa ya tahadhari, ya kupima kama niko macho, ikiwaka, nabonyeza kitufe. Nikichelewa kinalia king'ora, nikizidi kuchelewa breki zinajifunga zenyewe. Mimi nategemea zaidi masikio. Injini hii ina mngurumo mzito wa kudundadunda, na nikiusikia umebadilika hata kidogo, najua kabla ya kioo cha vipimo kuniambia. Naipenda sauti hiyo.

Saa tatu, Cook. Zamani palikuwa na shule na hospitali. Sasa nyumba nyingi ni tupu.

Saa nne tunapisha treni ya mashariki. Tunashuka kuikagua inavyopita, gurudumu kwa gurudumu, tunawapungia mkono.

Saa sita, Deakin, mpakani mwa majimbo ya Australia Kusini na Australia Magharibi. Australia Magharibi saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja na nusu.

Saa tisa, karibu na Loongana, reli inapinda. Kona ndogo tu, lakini mwenzangu anasimama kuitazama.